Kompyuta ya zamani yenye prosesa ya biti 32: jinsi ya kuipiga Linux ya kisasa hatua kwa hatua

Wakuu, hili swali linarudi kila wiki na sura yake ni ile ile. "Nina kilaptopu cha Atom nimeachiwa na shangazi, Windows inachukua robo saa kuwaka, niweke nini?" Mwingine anakuja na lake, "Nimeshusha Ubuntu (aina ya Linux) kwa bando langu, nimechoma kwenye flashi, nawasha inaleta mistari miwili ya maandishi inagoma." Huyu wa pili ndo huwa ananiuma zaidi maana GB kadhaa zimeenda bure, na kosa lake ni moja tu, alishusha mfumo kabla hajaijua prosesa yake. Kwa hiyo naandika yote hapa kuhusu kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mwanzo mpaka mwisho, usome kabla hujagusa kitu.

Mwongozo huu ni wa mashine za kuanzia miaka ya 2000 mpaka 2009 hivi: Pentium 4, Pentium M, Core Duo, Athlon XP, Atom N270. Pentium III nitaigusa kidogo. Ukifuata vizuri utapata mashine ya kuandika barua, kuprinti, kusoma PDF, kusikiliza muziki, kuangalia video ndogo na kufungua tovuti nyepesi. Stationari ya binamu yangu Morogoro ina Pentium 4 ambayo mpaka leo inachapa barua za watu kutwa nzima. Ila kama unataka kufungua tabu kumi na video juu yake, hapana, hiyo mashine haitakupa na hakuna mfumo utakaoipa.

Nadharia kidogo tu

Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64, na mifumo ya biti 32 inazidi kupungua. Windows 10 ilifika mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Upande wa Linux nako aina zake zinaondoka moja moja. Fedora iliacha kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32 kwenye toleo la 31 mwaka 2019, Ubuntu nayo iliacha muda mrefu, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena toleo la kupiga kwenye mashine ya biti 32. Kwa hiyo yule anayekwambia "weka Linux yoyote tu ni nyepesi" anakupoteza. Zilizobaki ni chache, lakini zipo na bado ni nzuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine yenyewe, iwe na RAM MB 512 angalau (pungufu ya hapo kuna Tiny Core, hatua ya 2). GB 1 ndo raha inapoanzia.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, hata ya kuazima, ya kushushia na kuchomea.
- Flashi ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa yote.
- CD tupu moja, kwa wale ambao mashine zao hazijui kuwaka kwa flashi. Za miaka ya 2000 mwanzoni nyingi hazijui.
- Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Usiidharau, utaona huko chini.
- Waya wa LAN, au simu yenye bando na waya wake wa USB.
- Bisibisi, brashi laini, na ile pesti ya kupitisha joto ya prosesa.

Na mafaili yako yahamishe kwanza. Picha, vyeti, sijui assignment za chuo, vyote vitoke kwenye mashine kabla ya hatua ya 1. Sio "nitahamisha baadaye".

Hatua ya 1: Ijue prosesa yako

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaitegemea. Kama Windows bado inawaka, bofya kulia kwenye My Computer, ingia Properties, andika jina la prosesa kwenye karatasi. Halafu litafute hilo jina kwenye intaneti, kwa Intel wana ukurasa wao unaoitwa ARK unaonyesha kama prosesa ni biti 32 au 64.

Kama una Linux yoyote ya kuwashia kwa flashi au CD, hata ya zamani, fungua terminali uandike:

`grep -o -w -E 'lm|pae|sse2' /proc/cpuinfo | sort -u`

Itakuletea maneno matatu, au mawili, au moja, au kimya. Maana yake ni hii.

`lm` ikionekana, prosesa yako ni ya biti 64. Hongera, kama una RAM GB 2 kuja juu, acha mwongozo huu nenda kashushe Debian 13 ya amd64 (yaani biti 64) na mazingira mepesi kama LXQt au Xfce, maisha yako yatakuwa rahisi na utapata apdeti kwa miaka mingi. Watu wengi wana Core 2 Duo wanahangaika na mifumo ya biti 32 bila sababu. Na hapa kuna mtego, Core Duo na Core 2 Duo ni vitu viwili tofauti. Core Duo ya 2006 ni biti 32, Core 2 Duo ni biti 64. Hiyo namba 2 hapo katikati usiiruke. Vile vile Atom N270 ya 2008 ni biti 32 lakini N450 iliyokuja 2010 ni biti 64, wakati vilaptopu vyenyewe kwa nje vinafanana kama mapacha. Pentium 4 nazo baadhi ya zile za 2005 kuja juu zina biti 64, kwa hiyo usikisie kwa jina la Pentium 4 tu, angalia.

`sse2` ni seti ya maelekezo ya prosesa, na ni muhimu kwa brauza. Pentium 4, Pentium M na Atom zote zinayo. Pentium III na Athlon XP hazina, na bila hiyo Firefox haiwaki, toleo lake la Linux liliacha kuzihudumia mwaka 2017. Sio suala la polepole, haiwaki kabisa.

`pae` ni uwezo wa prosesa wa kutumia RAM nyingi zaidi, na kuna kerneli zinazoudai. Baadhi ya Pentium M za mwanzo, zile zilizokuja na stika ya Centrino mwaka 2003 na 2004, wanayo PAE lakini hawaitangazi, kwa hiyo mfumo ukiuliza unajibiwa haipo. Dawa yake iko kwenye matatizo huko chini.

Hatua ya 2: Chagua mfumo

Sitakupa orodha ya mifumo ishirini, nitakupa ninayoitumia.

Una sse2 na RAM MB 512 au zaidi: chukua antiX 23 ya biti 32, toleo la full. Imejengwa juu ya Debian 12, haitumii systemd (programu ya kusimamia huduma za mfumo), inakuja na IceWM, kisimamizi cha madirisha ambacho ni chepesi kweli kweli. Kilaptopu changu cha N270 chenye GB 1 kikitulia bila programu kufunguliwa kinakula chini ya MB 200. Ukitaka Debian 12 yenyewe ya i386 (yaani biti 32) pia sawa, ila utafanya kazi zaidi ya kupunguza.

Una RAM chini ya MB 512, au prosesa haina sse2 (Pentium III, Athlon XP): jaribu Tiny Core Linux. Wenyewe wanasema ile yenye madirisha inaanzia RAM MB 46 na prosesa ya 486DX, lakini uhalisia ukitaka kufanya kitu cha maana MB 128 kwenda juu. Chukua CorePlus kwa sababu ndiyo yenye chombo cha kuisimika kwenye diski na msaada wa waifai.

Wapenda kujifunza kuna NetBSD, bado inaziheshimu prosesa za tangu 486, lakini kama hujawahi kushika Linux usianzie hapo.

Hatua ya 3: Shusha, hakiki, choma

Shusha kutoka tovuti ya mradi wenyewe, sio link ya Telegram. Ukimaliza hakiki faili, maana intaneti zetu zinakatika katikati na faili lililopungua herufi chache linakupa makosa ya ajabu ajabu ambayo utayasingizia mashine. Kwenye Windows:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Linganisha na ile namba ndefu ya kwenye tovuti. Zikitofautiana hata herufi moja, shusha upya.

Kuchoma kwa Windows tumia Rufus, chagua MBR (mpangilio wa zamani wa diski) na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), usichague UEFI, mashine hizi hazina hiyo kitu. Ikikuuliza ISO au DD anza na ISO, ikigoma kuwaka rudia kwa DD. Kwenye Linux:

`lsblk`

`sudo dd if=jina-la-faili.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress && sync`

Hapo kwenye sdX weka flashi yako, na angalia mara tatu. Jamaa yangu aliandika sda kwa mazoea ikafuta diski ya ndani yenye picha za harusi ya dada yake, hazikurudi. Angalia ukubwa kwenye lsblk, flashi ya GB 4 haiwezi kuonekana GB 500.

Hatua ya 4: Isafishe mashine kwanza

Watu wanairuka hii halafu wanasema Linux nzito. Prosesa ya Pentium 4 ikipata joto kupita kiasi inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo mashine yenye vumbi la miaka kumi na tano ni nzito kwa mfumo wowote utakaouweka. Zima, chomoa umeme, toa betri, fungua. Toa vumbi kwenye feni na hitisinki kwa brashi, futa pesti ya zamani iliyokauka kama saruji, paka mpya kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Ukiwa humo ndani badilisha na ile CR2032.

Kwa mashine za mezani za enzi hizo angalia pia kapasita kwenye mazabodi, zile silinda ndogo. Zikiwa zimevimba juu au zimetoa kitu cha kahawia, mashine itakuwa inaganda na kuzima ovyo, na hapo hakuna mfumo utakaosaidia, ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomea. Enzi hizo kapasita mbovu zilienea duniani kote kwa hiyo sio kwako tu. Power supply yenyewe usiifungue, inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

RAM: vilaptopu vingi vya N270 vina sloti moja ya DDR2 na mwisho wake ni GB 2. Hiyo DDR2 ipo kwa mafundi kwenye laptopu zilizokufa, unaipata kwa hela ndogo sana. Kama kuna pesa ya kuweka kitu kimoja tu, weka RAM. Ukiwa nayo ya kitu cha pili, SSD ndogo ya SATA. Laptopu za Pentium M nyingi zinatumia diski ya IDE yenye pini 44, hizo zinahitaji adapta, mimi natumia kadi ya CompactFlash na adapta yake.

Hatua ya 5: Ingia BIOS uwashe kwa flashi

Washa ukibonyeza bonyeza Del, F2 au F12, kwa Eee PC ni Esc. Rekebisha tarehe na saa hapo hapo. Halafu weka USB juu kwenye mpangilio wa kuwaka, na ukumbuke BIOS nyingi za zamani zinaiorodhesha flashi kama diski, iko ndani ya menyu ya Hard Drives, ingia humo uipandishe.

Hakuna USB popote? Choma Plop Boot Manager kwenye CD, washa kwa CD, flashi ikiwa imechomekwa, kisha chagua USB kwenye menyu yake. Kama mlango wa USB ni 1.1 itachukua muda mrefu sana, kapike chai.

Hatua ya 6: Jaribu kabla hujasimika

antiX inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jina la mtumiaji ni demo na paswedi demo, kwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) paswedi ni root. Hapa usiwe na haraka. Jaribu waifai, sauti, kibodi yote, padi ya mausi, mwangaza wa kioo. Rudia ile amri ya hatua ya 1 kama hukuweza mwanzo. Kama kitu hakifanyi kazi hapa, ukisimika nacho hakitafanya kazi, bora ujue sasa.

Waifai ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kugawa intaneti kwa USB, sio hotispoti. Linux inaiona simu kama waya wa LAN bila kutafuta draiva yoyote. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 7: Simika

Bofya alama ya kusimika iliyo kwenye menyu. Kama diski yote ni ya Linux, iachie programu ya kusimika igawe yenyewe. Ukigawa kwa mkono, swap (nafasi ya diski ya kuisaidia RAM) weka GB 1 mpaka 2 na iliyobaki ext4 (aina ya mpangilio wa mafaili). Mashine za mwanzo mwanzo za 2000 BIOS zake hazioni zaidi ya GB 137 za diski, kwa hiyo ukiweka diski kubwa hakikisha kuna kipande cha /boot mwanzoni kabisa mwa diski.

Ikikuuliza GRUB (programu inayoiwasha Linux) iende wapi, jibu ni diski ya ndani, MBR, yaani mwanzoni mwa diski. Usiiweke kwenye flashi. Wengi wanakosea hapa halafu mashine inawaka tu flashi ikiwa imechomekwa, wakiitoa inasema hakuna mfumo.

Hatua ya 8: Ukishamaliza

Kwanza apdeti:

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Pili weka zram. Hii inabana vitu vilivyo kwenye RAM ili viingie vingi zaidi kabla mashine haijaanza kuandika kwenye diski. Fungua /etc/rc.local kama root, kabla ya mstari wa exit 0 weka:

`modprobe zram`
`zramctl --find --size 512M`
`mkswap /dev/zram0`
`swapon -p 100 /dev/zram0`

Hiyo ni kwa RAM ya GB 1. Ya MB 512 weka 256M.

Tatu, programu. Kuandika tumia AbiWord na hesabu Gnumeric, LibreOffice inafunguka lakini utasubiri. Brauza, Firefox ESR (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) pamoja na uBlock Origin ya kuzuia matangazo, tabu mbili tatu basi. Na ujue Mozilla wameshaacha Linux ya biti 32 kwenye Firefox ya kawaida, toleo la 144 ndilo lilikuwa la mwisho, iliyobaki ni ESR 140, kwa hiyo mambo ya benki na pesa fanyia kwenye simu. Kwa kusoma maandishi tu Dillo au NetSurf zinaruka kama swala.

Video, shusha kwenye simu ikiwa MP4 ya 360p, hamishia, cheza na mpv. Hakikisha ni H.264. Video za AV1 au HEVC zitageuka picha mnato.

Ikigoma

*"This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU."* Umeshusha ya biti 64. Rudi hatua ya 1, hakuna njia ya mkato.

*Inalalamika kuhusu pae na una Pentium M.* Kwenye menyu ya kuwasha bonyeza Tab au e, mwishoni mwa mstari wa kerneli ongeza `forcepae`. Ikikubali, ukishasimika iweke kabisa kwenye /etc/default/grub kisha `sudo update-grub`. antiX ya biti 32 ina kerneli isiyohitaji PAE kwa hiyo mara nyingi hukutani na hili, ni kwa wanaotumia mifumo mingine.

*Kioo cheusi baada ya menyu.* Ongeza `nomodeset` sehemu hiyo hiyo. Kama ni Atom ya Z5xx yenye grafiki ya GMA 500, picha itatoka lakini video itasumbua, ile chipu asili yake ni PowerVR na Linux haijawahi kupata draiva yake kamili.

*apt inasema Release file is not valid yet, na kila tovuti inasema cheti kibaya.* Saa yako iko nyuma. Ndo ile betri ya CR2032 niliyosema usiidharau. Kwa muda andika `sudo date -s "2026-03-14 10:00"` kwa tarehe ya siku hiyo, kisha `sudo hwclock -w`, halafu nunua betri.

*Waifai ya Broadcom haionekani.* Unganisha kwa waya au simu, kisha `sudo apt install firmware-b43-installer`. Ya Intel kwenye Centrino za zamani ni `firmware-ipw2x00`, itakuuliza kukubali leseni, kubali.

*Mashine inazima yenyewe ukifungua kitu kizito.* Joto. Rudi hatua ya 4, na kama feni haizunguki badilisha feni kabla ya chochote.

*"Illegal instruction" kisha programu inafunga.* Programu inataka maelekezo ambayo prosesa haina. Chromium siku hizi inataka SSE3, ambayo kwenye /proc/cpuinfo inaandikwa `pni`, na Pentium M haina. Na kwa wanaoniuliza kila siku kuhusu Chrome yenyewe, Google waliacha Chrome ya Linux ya biti 32 mwezi Machi 2016, kwa hiyo faili lolote la Chrome utakalotumiwa na mtu kwa mashine hiyo ni la miaka hiyo au ni la mtu asiyekutakia mema. Usilifungue.